Umeme wa Twahiri, Fakitire ya Hortense

Jumatatu, 6 Machi 2000

Mungu amenikumbuka. Amechelewa kidogo, lakini vita imevuruga ratiba za wote.

Mambo ni haya. Tangu vita ifike Kalemie, umeme wa mji hauji. Mtaani kwetu Kataki tunawashiwa na watu wawili wenye grupe, yaani jenereta kubwa za mazutu, ile dizeli. Upande wa ziwa ni Papa Twahiri, mfanyabiashara, ambaye babu zake walivuka ziwa na magunia ya chumvi, na hajaacha kutukumbusha. Upande wa juu ni Mama Hortense, mjane mwenye mashine ya kusaga unga. Nyumba yangu ni ya mwisho kwa Hortense. Ya jirani yangu Casimir ni ya mwisho kwa Twahiri. Kati yetu kuna ukuta na miaka mingi ya kutopendana. Yeye alikuwa mkuu wa kituo cha treni, mimi muuza tiketi. Sasa treni ya Kabalo haiendi, hakuna aliye kitu, lakini Casimir bado anatembea kama kuna behewa linamsubiri.

Wiki iliyopita lori la askari liligonga nguzo ya kona. Fundi akarudisha nyaya mvua ikimpiga, kila waya akaufunga pale mkono ulipofika. Sasa taa zangu zinawaka grupe la Twahiri likinguruma. Za Casimir zinawaka kwa grupe la Hortense. Lakini fakitire, yaani bili za mwezi, zimekuja zilezile za zamani. Mimi ya Hortense, yeye ya Twahiri.

Casimir alitaka twende pamoja kueleza. Nikamwambia aniachie mimi, najua kusema na wakubwa. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama kituoni hesabu ya tiketi ilipogoma.

Jumanne, 7 Machi

Asubuhi kwa Mama Hortense. Nikamkuta mweupe kwa unga mpaka kope. Nikamwambia, kwa huzuni kubwa, kwamba umeme ninaotumia ni wa Twahiri, kwa hiyo dhamiri hainiruhusu kulipa fakitire yake. Akafikiri. Akasema ni haki. Akafuta jina langu, akaniambia niende kwa Twahiri nikajiandikishe.

Dhamiri yangu ilichoka njiani. Nikarudi nyumbani.

Sasa Hortense hanidai, na Twahiri hajui kama nipo. Nimeleta resho ya umeme kutoka kwa shemeji, ile ya kupikia. Bertille, mke wangu, ameuliza nani atalipa. Nimemwambia mambo ya nishati si ya kueleza mtu akiwa anachambua sombe, majani ya muhogo.

Mama mkwe, Mama Séraphine, yuko kwetu tangu barabara ya Moba ilipoharibika kwa vita. Ana ugonjwa wa sukari. Chupa zake za insulini zinavuka kutoka Kigoma, mashua ikipata ruhusa, na zinakaa ndani ya friji yetu, nyuma ya barafu anayouza Bertille. Kwa hiyo nusu ya friji ni ya mama mkwe. Nusu nyingine ni ya barafu. Mimi nimepewa mlango.

Ijumaa, 10 Machi

Twahiri amekuja mwenyewe, ametoka msikitini, kanzu inang'aa. Kwa adabu sana akasema grupe lake limeanza kunywa mazutu kuliko kawaida, na mazutu siku hizi ni kama dhahabu. Fundi wake anasema kuna waya unaingia kwangu.

Nikashangaa. Nikamwonyesha fakitire ya Hortense, ile ambayo sikulipa. Nikamwambia mimi ni mtu wa Hortense tangu zamani, mtaa wote unajua, na kama waya wake unapita kwangu basi unapita tu, kama ndege.

Akaniomba msamaha. Twahiri! Akamuulizia mama mkwe hali, akamwachia boga. Nimekula boga kwa utulivu wa mtu ambaye akili yake ingefaa wizarani.

Jumamosi, 11 Machi

Casimir ni adui wa maendeleo. Ameshindwa kuvumilia. Amekwenda kwa Twahiri kusema kwamba umeme anaopata ni wa Hortense, kisha kwa Hortense kusema fakitire anayopata ni ya Twahiri. Wote wawili wamemsifu. Wamemwandika vizuri. Amerudi na kifua mbele.

Kisha wale wawili wakaanza kusafisha nyaya zao. Fundi wa Twahiri akaja saa nne, akakata waya wangu, kwa sababu mimi ni mtu wa Hortense. Nikakimbia kwa fundi wa Hortense. Yeye akasema hawezi kuniunga, kwa sababu mimi ni mtu wa Twahiri, nilisema mwenyewe.

Maisha yangu yote watu hawajawahi kuniamini. Wiki hii wameniamini wote, kwa pamoja.

Jioni friji ilianza kutoa maji. Bertille alipanga vitambaa sakafuni bila kunitazama. Barafu yake yote imekuwa bwawa.

Jumapili, 12 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi Mama Séraphine alikuwa amekaa na chupa zake mapajani, amezifunga kwa kitambaa chenye maji. Anakilowesha, anakipepea. Hajaninung'unikia. Ningependa aninung'unikie. Amezoea kusema kwamba Bertille angeweza kuolewa na mwalimu. Leo hata mwalimu hakutajwa.

Hortense hawashi Jumapili ila baada ya misa, kwa ajili ya redio na friji za watu. Grupe lilikuwa limeshawaka, lakini Casimir na familia yake walikuwa bado kanisani, misa ya pili. Nikaona njia. Waya wake unapita juu ya ukuta, juu ya banda la mabata yake. Nikachukua kipande cha waya, nikapinda ncha kama ndoano, nikapanda. Mpango ulikuwa mzuri. Nikakumbuka mambo mengi isipokuwa mvua ya usiku.

Sikumbuki kuruka. Nakumbuka kwamba mkono haukutaka kuachia, na meno yangu yalikuwa yanagonga yenyewe. Kisha pigo zito kwenye kiwiko, na nikawa chini, kati ya mabata. Mama Séraphine alikuwa amesimama juu ya kinu cha kutwangia, mchi mikononi, anahema. Alikuwa ameupiga ule waya, pamoja na kiwiko changu, mpaka ukaniachia. Mwanamke ambaye jana hakuweza kumaliza uji.

Akashuka taratibu. Akaniambia kwa Kiswahili cha huku kwetu, ambacho njo ni ndiye, "Kati yetu wawili, mimi njo mugonjwa. Sasa mbona wewe njo unatangulia?"

Moshi ulitoka kwenye nguzo. Upande wote wa juu ukazimika, na Casimir pia. Nilikuwa nimepanga, kwa unyenyekevu, kumwomba atuwekee chupa kwenye friji yake. Sasa friji yake nayo ni kabati.

Jumatatu, 13 Machi

Niliamka nikakuta nyumba tupu. Bertille ameondoka na mama yake na chupa. Mchana mfanyakazi wa mashine akaniita kwa Hortense.

Nikawakuta wote wamekaa juu ya magunia. Hortense, Twahiri, Casimir, mke wangu. Twahiri na Hortense walikuwa hawasemezani tangu mwaka jana, wanagombania wateja. Sasa wanakunywa chai. Bertille alikuwa amewaambia yote. Hakuacha hata boga. Mtu unaoa, unadhani umepata msiri.

Hortense akaniuliza, mbele ya wasagaji wote, "Papa Adalbert, wewe njo muntu wa nani?"

Nikaanza kueleza kwamba swali hilo lina pande mbili. Twahiri akainua mkono. "Si wako, si wangu," akamwambia Hortense. "Ni wa Mama Bertille, pole yake. Umeme tumpe yeye. Huyu bwana akae mule ndani kama mugeni."

Basi wakamaliza kila kitu kabla chai haijapoa. Nyaya zirudishwe kwenye nguzo kama zilivyokuwa, sisi kwa Hortense, Casimir kwa Twahiri. Fakitire iandikwe jina la Bertille. Umeme niliokula wa Twahiri nitaulipa kwa kubeba mapipa bandarini mashua ikifika. Nguzo niliyounguza nitailipa kwa kufagia mashine ya Hortense. Bata mmoja wa Casimir hatagi tena, kwa mshtuko. Hilo linajadiliwa bado.

Lakini chupa. Zilikuwa zimekaa joto tangu juzi. Muuguzi aliletwa. Alizigeuza kwenye mwanga, akasema zinaonekana safi, ila hawezi kuapa. Nyingine hazipo mji mzima, na mashua haijulikani. Wakamdunga mama mkwe sindano, wakasubiri. Wengine walikaa ndani. Mimi nilisimama nyuma ya mlango wa ghala na fagio mkononi, nikifagia sehemu moja. Nilimfikiria akilowesha kile kitambaa. Muuguzi alipopima tena akasema sukari inashuka, dawa bado ni nzima, nilikaa chini kwenye pumba. Naandika hili hapa tu. Nikiulizwa nitasema ni vumbi la unga machoni.

Jumatano, 15 Machi

Mashua imefika. Nimebeba mapipa ya Twahiri mpaka mgongo umeandikwa jina lake. Katikati ya kazi ndege ikapita chini sana juu ya ziwa. Tukalala wote mchangani, mimi nimekumbatia pipa la mazutu, mahali salama kabisa pa kujificha. Ndege ikaenda zake. Tukaendelea.

Mashua imeleta pia insulini mpya. Twahiri aliiagiza yeye, hakumwambia mtu. Nilimkabidhi mama mkwe kwa mikono yangu miwili. Akasema, "Asante, mwanangu." Nimelitazama neno hilo pande zote, sijaona kejeli. Inanitia wasiwasi.

Jumamosi, 18 Machi

Friji inanguruma. Barafu imerudi. Mama mkwe anakula vizuri na amemtaja mwalimu mara mbili, kwa hiyo amepona.

Na sasa habari inayozungumzwa mtaani: Twahiri na Hortense wataunganisha magrupe yao. Moja liwake mchana, jingine jioni, mazutu wanunue pamoja. Watu wanawasifu wao. Wanamsifu Bertille. Kuna hata wanaomsifu Casimir. Hakuna anayeuliza ni nani aliyewakalisha wale wawili kwenye magunia yale. Bila mimi wangekuwa bado maadui. Nimejitoa mhanga, kiwiko changu ni shahidi. Lakini mtu mwenye maono hazungumzii sifa.

Isitoshe, nina shughuli. Jana ameingia mtu mmoja kutoka Kabalo, Yassine, na pampu. Anavuta mabomba ya maji mtaani. Na wiki hiihii parokia imeanza kuvuta mabomba yake kutoka kisima cha misheni. Nimepima kwa macho. Yatakutana mbele ya mlango wangu.

Asubuhi nimemweleza Yassine kwamba sisi ni watu wa parokia tangu ubatizo. Alasiri nitamwona padri, nimweleze kuhusu Yassine. Bertille yuko sokoni, si lazima asumbuliwe.

Na maji si umeme. Maji hayapigi mtu shoti.