Bwana Jana na Gari Lenye Historia Safi

Siku biashara yake ilipozaliwa, Bwana Jana alikuwa bado hajapewa jina hilo. Alikuwa dalali wa kawaida wa magari yaliyotumika, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa getini mwa yadi, shati limenyooka, viatu vinang'aa, na mfukoni hana hata nauli. Siku hiyo yeye na wenzake walikuwa wakimtazama mteja mmoja, mwalimu kwa sura na kwa mkoba, anayezunguka gari dogo jeupe. Mteja hakufungua boneti. Hakupiga tairi teke kama wateja wenye adabu wanavyofanya. Alitoa simu, akaandika, akasogeza kidole, akasogeza tena, kisha akamgeuzia muuzaji kioo.

"Hili si ndilo hili?" aliuliza. "Tangazo la mwaka jana. Maji yako usawa wa usukani, na juu ya paa kuna mtu anapunga mkono."

Muuzaji alieleza kwamba gari lilikuwa linaoshwa. Mteja akaaga kwa heshima zote na kwenda zake.

Madalali walilaani simu, wakalaani mtandao, wakalaani na shule kwa kufundisha watu kusoma. Mmoja tu ndiye aliyebaki anatabasamu. Wenzake waliona mteja anatoka; yeye aliona wateja wamebadilika. Zamani mtu alitaka kujua gari likoje. Siku hizi anataka kujua lilikuwaje: lilitangazwa lini, na nani, kwa maneno gani, limerudi sokoni mara ngapi. Watu wana kiu ya historia, na kumnyima mtu mwenye kiu ni roho mbaya.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Ule mtandao wa matangazo ambao mji mzima uliutumia uliandika juu ya kila tangazo tarehe lilipowekwa, na tarehe hiyo haikubali rushwa. Lakini dalali wetu alikuwa na tangazo la kitanda chake, kitanda ambacho kilikosa mnunuzi mpaka kunguni wakakata tamaa. Alilifungua, akafuta neno kitanda, akaandika gari, akatoa picha ya godoro na kuweka ya gari. Akabonyeza. Maneno yalibadilika, picha zikabadilika, tarehe ikabaki palepale, ya miaka ile, imetulia kama haijaona kitu.

Kuanzia hapo kazi yake ikawa kununua matangazo ya zamani. Alianzia kwa fundi makochi, mwanamke mwenye karakana ndogo nyuma ya yadi, aliyekuwa akiongea huku ameuma misumari midomoni na mtu anamwelewa kila neno.

"Dada, matangazo yako ya makochi ya miaka ile bado yapo?"

"Yapo. Makochi yaliuzika, matangazo nikasahau kuyafuta."

"Usifute. Niuzie."

Fundi alitema misumari kiganjani. "Nikuuzie tangazo la kochi ambalo halipo?"

"Hilohilo."

"Ulifanyie nini?"

"Utafiti," alisema, kwa sauti ya mtu aliyevalishwa joho.

Na kwa kuwa mjanja akikosa mtu wa kumsifu hujisifu mwenyewe, alimwonyesha palepale, kwenye simu, kochi la kona likigeuka gari la milango minne. Fundi alicheka mpaka akakaa kwenye sponji. Alimpa neno la siri la ukurasa wake wa zamani, akapokea chake, akarudi kwenye kazi. Alidhani ni mchezo wa mtu asiye na la kufanya.

Basi gari lilelile jeupe lililooshwa usawa wa usukani likanunuliwa kwa bei ya kutupa, likapakwa rangi ya fedha, likapewa jana mpya. "Usiniulize gari likoje leo," dalali aliwaambia wateja, mkono kifuani. "Leo kila mtu anasema. Niulize jana lilikuwaje!" Ndipo akaitwa Bwana Jana. Mnunuzi wa kwanza alikuwa kijana mmoja mpole aliyetaka kufanya teksi. Alisoma lile tangazo la zamani mara mbili, akaridhika, akaingia, akafunga madirisha, akakunja pua.

"Kaka, mbona kuna harufu?"

"Ngozi halisi hiyo," Bwana Jana alijibu bila kupepesa.

Teksi ilifanya kazi wiki moja na nusu. Huko gereji, makanika alifungua taa ya mbele na kutoa tope na samaki mdogo aliyekauka. Kijana alikwenda kulia kwa dada yake mkubwa, akamwonyesha tangazo lililomdanganya. Dada alisoma jina la ukurasa juu ya tangazo, na misumari ikamdondoka mdomoni. Jina lilikuwa la duka lake.

Alimfuata Bwana Jana getini. Hakuja na fujo.

"Kaka, lile gari ulimuuzia mdogo wangu."

"Sikujua ni mdogo wako. Hajambo?"

"Hajambo, gari ndilo limekufa. Limetolewa samaki."

Bwana Jana alisikitika kwa ustadi mkubwa. "Dada yangu, mimi magari siyajui kabisa. Mimi namtazama mnunuzi. Huyu alitaka historia, nikampa historia. Sasa hebu niambie, historia imeharibika?"

"Watoto wake wanakula kwa gari lile."

"Mungu atawafungulia."

Fundi makochi alisikia uchungu, na aibu kuliko uchungu, kwa sababu tangazo lilikuwa lake na alicheka siku linageuzwa. Alimtazama Bwana Jana kuanzia viatu mpaka shati. "Haya, kaka," alisema. "Nimekuelewa vizuri." Mtu mwenye akili angekosa usingizi kwa maneno hayo. Bwana Jana alimnunulia soda.

Lakini hakuna aliyeumbwa bila moyo, na wa Bwana Jana ulikuwa kwa muuguzi mmoja wa zahanati, binti mcheshi mwenye macho ya kumsahaulisha mtu hesabu. Alimpenda kweli. Hilo nalisema mapema ili msomaji asije akadhani ni biashara nyingine. Tatizo lilikuwa mama wa binti, karani mstaafu wa mahakama, aliyesoma kila karatasi mpaka mhuri wa chini, hata karatasi ya dawa ya kikohozi. Naye alikuwa na swali.

"Huyu bwana anauza magari," alimwambia binti yake, Bwana Jana akiwa amekaa mbele yao na chai mkononi, "na kila siku anakuja kwangu kwa miguu. Kuna kitu anakijua."

Alikuwa amepiga kwenye mfupa. Bwana Jana alitembea kwa miguu kwa kuwa hakuna gari alilolipitisha mikononi mwake ambalo angethubutu kulipanda. Mama akatoa masharti: Jumapili inayofuata ile ijayo awachukue, yeye na binti, kwa gari lake mwenyewe, awapeleke matembezi na kuwarudisha. Akiweza, waongee mambo ya ndoa. Asipoweza, aendelee kutembea, lakini kuelekea upande mwingine.

Kwa mara ya kwanza maishani Bwana Jana alihitaji gari la kweli, na akagundua kwa hofu kwamba hajui mahali yanapopatikana. Alimweleza kila mtu shida yake, na kwa kuwa soda ya juzi ilimfanya aamini wamepatana, alimweleza na fundi makochi.

"Tafuta kwenye matangazo ya zamani," fundi alimshauri, misumari midomoni. "Si ndiyo kazi yako?"

Alitafuta. Alisoma usiku na mchana, na kila tangazo alilosoma lilinuka uongo, kwa sababu maneno mengi yalikuwa yake. Mpaka alipokutana na moja la miaka mitatu nyuma. Gari dogo, jekundu lililokoza. Maneno machache: *Limekaa ndani muda wote. Halijapigwa jua wala mvua. Halijakaliwa na watoto. Mimi na marehemu mume wangu tulilitumia Jumapili tu, wageni wakija. Nauza kwa sababu nyumba imekuwa kubwa kwangu.*

Bwana Jana alisoma, akarudia kusoma. Uongo aliujua kama mwokaji anavyoujua unga, na haya hayakuwa uongo. Hakuna tapeli anayeandika kwamba nyumba imekuwa kubwa kwake. Kuhusu ile mbinu ya kubadilisha tangazo, haikumjia kichwani hata kidogo. Mbinu ile aliihesabu kuwa mali yake binafsi, kama mswaki.

Mwenye gari alikuwa bibi mmoja mwenye sweta na sauti ndogo, nyumba safi, sebule yenye nafasi tupu ukutani. Gari lilisimama uani, madirisha yote wazi. Viti vilikuwa vimevishwa kitambaa kipya, kimeshonwa kwa mkono wa mtu anayejua anachofanya.

"Silazimishi, mwanangu," alisema bibi. "Kama hulitaki, liache."

Kwa Bwana Jana hakuna maneno matamu kama hayo. Mtu asiyelazimisha ni mtu asiyejua thamani ya alichonacho! Palepale mapenzi yake kwa ukweli yakapisha mapenzi ya zamani. Alikuna kidevu, akaguna, akasema rangi nyekundu haina soko, akashusha bei mpaka mwenyewe akaona haya kidogo, na bibi akakubali kila mara kwa kuinamisha kichwa. Akaizunguka nyumba nalo mara moja, upepo unampiga usoni, akalipa akiba yake yote. Njiani aliimba. Alikuwa amepata gari la kweli, na bado ameweza kumwibia mwanamke mzee. Siku haikuwa na dosari.

Jumapili ilifika. Mama mkwe mtarajiwa alikaa nyuma, mkoba mapajani, binti mbele. Mtaa mzima ulichungulia. Bwana Jana aliendesha kiwiko kikiwa nje, na alipomtupia binti jicho akaona anatabasamu, alijiapiza moyoni kuacha utapeli kabisa, labda baada ya harusi.

Wakaacha mji, mvua ikaanza. Wakafunga madirisha.

Mama alinusa upande wa kulia, akanusa wa kushoto. "Harufu gani hii?"

Mdomo wa Bwana Jana ulijibu kabla yake mwenyewe. "Ngozi halisi hiyo, mama."

Maneno yale yalimrudia masikioni, na harufu nayo ikamrudia, harufu ya tope la zamani, na mikono yake ikautambua usukani alioufuta kwa kitambaa mwenyewe, siku alipokuwa akiliandaa gari jeupe kuwa la rangi ya fedha.

"Viti ni vya kitambaa," alisema mama.

Gari likakohoa, likatetemeka, likazimika katikati ya barabara tupu. Bwana Jana alizungusha ufunguo, akaomba, akazungusha. Hakuna kitu.

"Ni kitu kidogo tu," alisema, sauti imepanda. "Hili gari lina historia safi, mama. Soma mwenyewe!" Akampa simu nyuma, tangazo likiwa wazi, kwani kwa siku nzima alikuwa akisubiri nafasi ya kujisifu nalo.

Mama alivaa miwani. Alisoma taratibu, akafika mwisho, na kwa kuwa alizoea kwenda mpaka mhuri wa chini, hakusimama hapo. Aliteremka kwenye maswali ya wateja, mahali ambapo Bwana Jana, mtafiti wa mji mzima, hakuwahi kufika.

"Hapa kuna mtu anauliza," alisema mama, "'Foronya zinavuliwa kufuliwa?'"

Bwana Jana alizungusha ufunguo tena.

"Mwenye gari anajibu: 'Zinavuliwa.' Mwingine anauliza: 'Linakaa watu wangapi?' 'Linakaa watatu bila kubanana, na miguu ni ya mbao ngumu.'" Mama alishusha miwani. "Bwana mdogo, gari lako lina miguu ya mbao ngumu?"

Alikuwa anaona, kitu kimoja baada ya kingine, nafasi tupu kwenye ukuta wa ile sebule, mshono wa vile viti, na mtu mmoja akicheka juu ya sponji.

Mvua ilikuwa imekatika pikapu ilipotokea nyuma yao. Ilikuwa pikapu nzuri, na Bwana Jana ndiye aliyeilipia, kwa ile akiba yake yote, ingawa ndiyo kwanza aliiona. Usukani aliushika yule kijana mpole wa teksi. Pembeni yake dada yake, fundi makochi, na pembeni ya dada bibi wa sweta, shangazi yao. Nyuma kulikuwa na kochi jipya limefungwa nailoni, wanampelekea mteja.

"Shikamoo, mama," fundi alimwamkia mama mkwe kupitia dirishani. "Mmekwama?"

"Marahaba, mwanangu. Tumekwama."

"Bibi!" Bwana Jana aliruka nje, viatu vinavyong'aa vikaingia kwenye dimbwi. "Uliniuzia gari langu mwenyewe!"

"Mimi nimeuza gari jekundu," alisema shangazi kwa ile sauti ndogo. "Wewe hukuuliza kitu, mwanangu. Ulikuwa unakuna kidevu."

Kijana wa teksi aliruka nyuma, akafuta nailoni kwa mkono wa shati lake, akampa mama mkono, mama akapanda kochini na mkoba wake kama mtu anayepanda kizimbani upande wa mashahidi. Binti alibaki barabarani kidogo. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomuumiza Bwana Jana.

"Yale yote uliyonieleza kuhusu maisha yako," alimuuliza polepole, "yalikuwa tangazo la nini kabla?"

Hakungoja mdomo uliouza nusu ya vyuma chakavu vya mji ule uanze kazi. Binti alipanda, akakaa karibu na mama yake. Pikapu ikaondoka taratibu, kwa heshima ya wazee, na Bwana Jana akabaki ameegemea gari lake, akiwatazama mpaka kwenye kona. Lilikuwa kochi la watu watatu, na walikuwa wamekaa wawili.