Mimi Sitarajii Solo

Jumanne, tarehe 4 mwezi wa tatu

Kwaya yetu ya Mususa, hapa Butembo, imealikwa Beni, kufungua kanisa jipya. Kuna wimbo mmoja wenye solo, pahali mtu mmoja anaimba peke yake. Mwaka jana solo alipewa Éliakim, mimi nikalala siku mbili nikisema ni malaria. Mke wangu Léa anasema hajawahi kuona malaria inayompanda mtu akisikia jina la Éliakim.

Leo mtaalamu mmoja kwenye redio amesema anayetarajia kidogo haumii sana akikosa. Mtu wa akili. Kuanzia sasa sitarajii kitu. Tena Mama Emérence, kiongozi wa kwaya, akiona sitaki, ataanza kunibembeleza.

Léa anasema kama ninataka solo, niende nikamwombe. Hajui siasa.

Alhamisi, tarehe 6

Mazoezi ya kwaya. Nilisimama mbele ya wote, nikatangaza kwamba solo ya Beni ninawaachia wengine. Nikangoja wanikatalie.

«Aksanti sana, Papa Delphin, umetupunguzia kazi,» akasema Mama Emérence. «Éliakim, donc basi ni wewe.»

Éliakim alinikumbatia. Eti mimi ni mfano wa unyenyekevu. Sijaumia.

Ijumaa, tarehe 7

Sijaumia. Foufou tu, ugali wetu wa muhogo, ndiyo imenishinda kula. Nimewaza vizuri: Beni kuna joto, sauti yangu imezoea baridi ya Butembo. Na wimbo wenyewe si mzuri. Nilimweleza Léa haya yote mpaka akachukua kikapu akaenda sokoni. Aliporudi, nikaendelea.

Jumapili, tarehe 16

Beni. Mpango mpya: kusimama nyuma ya Éliakim, karibu na mikro, na kuimba solo pamoja naye, kwa nguvu kumpita. Watu wasikie tofauti.

Wamesikia. Baada ya ibada mama mmoja wa Beni alinishika mkono. Nikajua sifa zinakuja.

«Pole sana, Papa,» akasema. «Ni kifua ao ni koo?»

Léa aligeuka kuangalia ukuta, mabega yakitikisika. Lakini njiani kurudi alinimenyea ndizi, akasema polepole: «Ukitaka kitu, useme. Hakuna mutu anasoma moyo ya mwenzake.» Nilikula ndizi.

Alhamisi, tarehe 20

Baada ya mazoezi Mama Emérence aliniita pembeni. Alisema siku ya Pasaka kuna solo ya sauti nzito, na amenifikiria mimi.

«Unaitaka ao hapana? Uniambie wazi.»

Nilitaka kulia. Nikamjibu kwamba mambo kama hayo siyawazi kabisa, atafute mwingine.

Kisha akamwita Ariel, mwenzetu wa sauti nzito.

Ni wazi anajifanya tu. Kesho atakuja nyumbani kuniomba. Nimemwambia Léa aandae chai.