Lalamiko Dhidi ya Daktari wa Meno Aliyekuja Kuikagua Fremu Yangu

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Waendesha Baiskeli.

YAHUSU: KUNYANG'ANYWA UZEE WANGU MCHANA KWEUPE

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima wa afya, na matairi yako yana upepo wa kutosha. Mimi pia ni mzima, na hilo ndilo tatizo lililonifanya nishike kalamu.

Unanifahamu. Mimi ni yule kinyozi ambaye duka lake linatazamana na kituo cha zimamoto, na ambaye juu ya kioo chake kikubwa imetundikwa fremu ya baiskeli ya mashindano. Fremu ya titaniamu, kuukuu, ya rangi ile ile ya kijivu iliyotoka nayo kiwandani, maana madini hayo hayahitaji rangi na kutu haiyawezi. Nilipoinunua ilikuwa imeshatumika. Mimi nikaitumia zaidi. Kisha mgongo ukaanza kuniuma. Nikachuliwa kwa kila mafuta yaliyo dukani, nikalala sakafuni, nikalala ubavu, mwisho nikasema potelea mbali, huu ni uzee. Nikavua magurudumu, nikaitundika fremu ukutani, nikaanza kuishi kizee: polepole na kwa heshima.

Majuzi mke wangu akaniambia kwamba baiskeli isiyoendeshwa ni sawa na kamba ya kuanikia nguo, ila kamba angalau ina kazi. Nikakubali yaishe. Nikabandika tangazo kwenye ubao wa chama: "Fremu ya titaniamu inauzwa kwa atakayeipenda." Ndugu Mwenyekiti, naomba ulisome tena tangazo hilo. Atakayeipenda. Sikuandika atakayeikagua.

Aliyekuja ni mwanachama wetu mpya, daktari wa meno, yule dada mrefu ambaye watoto kule kliniki wanamwita Twiga naye anaitika bila kinyongo. Baiskeli yake ya chuma imeliwa na kutu, naye anatafuta fremu ya kuzeeka nayo. Nia njema kabisa. Lakini yaliyofuata yamenilazimu kuorodhesha malalamiko yafuatayo.

1. Salamu. Aliingia, akaniamkia vizuri, nikaitikia. Kisha, kabla sijamkaribisha kiti, akanyoosha mkono (hakuhitaji ngazi) akaigonga fremu yangu kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Akaigonga tena mahali pengine, akasikiliza. "Inaitika vizuri," akasema. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sasa mchagua jembe anayelipigia hodi, je, huyo ni nani? Kwenye kiti changu alikuwepo fundi bomba, nimeshamnyoa upande mmoja wa kichwa, naye badala ya kunyamaza akaunga mkono: "Hata mimi bomba nalisikiliza kwanza." Namlalamikia huyu pia, ingawa si mwanachama.

2. Kioo. Tuliishusha fremu, tukailaza juu ya meza ya mataulo. Daktari akafungua mkoba, akatoa taa ya kuvaa kwenye paji la uso, na kile kioo kidogo chenye mkono mrefu ambacho sote tumewahi kukutana nacho tukiwa tumeachama. Akakipenyeza kwenye tundu linalopita mhimili wa pedeli. Akatazama ndani. Akakitoa, akakipitisha kwenye kila mahali palipochomelewa, bomba kwa bomba. Nikamuuliza kama kioo hicho kimetoka kinywani mwa mtu. Akasema ni kipya, hakijawahi kuona jino. Nikamuuliza anatafuta nini. "Ufa, mzee wangu. Titaniamu haiozi, lakini ikichoka hupasuka kwenye maungio. Na ufa haupigi kelele, mtu anaujua siku umeshamwangusha."

Ufa hakuuona. Fremu ni nzima, alisema mwenyewe. Silalamikii jibu hilo. Ninacholalamikia ni kwamba wakati wote alipokuwa ameinama pale, mimi nilisimama mdomo wazi, nikitokwa na jasho viganjani, mpaka fundi bomba akaniuliza kama nataka ganzi.

3. Lalamiko hili nimelifuta. Mke wangu alilisoma, akaniuliza kama bado nina mpango wa kulala chumbani.

4. Kovu. Kwenye bomba la juu la fremu kulikuwa na mkwaruzo mrefu. Wateja wangu wote wanaujua. Kila anayekaa kwenye kiti kile huuliza, nami humsimulia mashindano yale ya mvua, kona mbaya, kundi zima likianguka, na mimi nikitoka katikati yao na kovu hilo tu. Daktari akaupitishia ukucha. "Huu ni wa juu juu," akasema, akaomba sponji ya kusugulia sufuria. Mke wangu akaileta mbio, sijawahi kumwona akileta kitu kwa kasi hiyo. Daktari akasugua kidogo, kwa mstari, bila haraka. Mkwaruzo ukatoweka! Maana titaniamu isiyopakwa rangi ndivyo ilivyo, husuguliwa ikarudi kuwa mpya. Nikapiga kelele kwamba ile ilikuwa historia. Hapo mke wangu akasema mbele ya watu, "Historia gani? Si mlango wa jikoni, siku ile uliyoingia nayo kinyumenyume?"

Ndugu Mwenyekiti, kuna mambo ambayo mtu na mkewe huyamaliza ndani. Mlango wa jikoni ni mojawapo.

5. Kung'oa. Daktari akaomba bomba la kiti litoke, lile ambalo juu yake hukaa tandiko. Nikashika, nikazungusha. Halikutikisika. Nikakaza meno, nikavuta. Mke wangu akanishika kiunoni, akavuta. Fundi bomba akashuka kitini na shuka langu shingoni, nusu ya kichwa ina nywele na nusu haina, akavuta naye, tukawa foleni. Wapi! Daktari akasema limegandia, kwamba bomba la alumini likikaa miaka ndani ya titaniamu bila grisi hushikana kama wapangaji waliogoma kuhama. Fundi bomba akasema dawa yake ni moto, yeye anayo mashine kwenye gari. Daktari akasimama kati ya fundi na fremu kama mama mwenye mtoto. "Hakuna moto hapa. Hakuna nyundo. Tunapenyeza mafuta, tunasubiri, halafu tunasukasuka."

Akapenyeza mafuta. Tukasubiri. Nilimnyoa mteja mmoja mzima na kuanza wa pili, fundi bomba akikataa kumaliziwa upande wake wa pili asije akapitwa na kitu. Kisha daktari akapiga goti, akashika bomba kwa mikono miwili, akalizungusha unywele kulia, unywele kushoto, huku akiliambia kwa sauti ya chini, "Tulia, tunamaliza sasa hivi, hutasikia kitu." Nikasikia mlio mdogo, kwik. Likatoka. Duka zima likapiga makofi, na nasikitika kuiarifu kamati kwamba hata mimi nilipiga.

6. Hili sasa ndilo lalamiko lenyewe. Hayo mengine yalikuwa ya kupasha misuli.

Daktari alilishika lile bomba mkononi, akatazama alama ya mahali lilipokuwa limezama. Lilikuwa limezama karibu lote. Akanitazama miguu. Akatazama fremu. Akaniomba nisimame nayo katikati ya mapaja, kisha ninyooshe mikono kama nashika usukani. Nikanyoosha.

"Mzee wangu," akasema, kwa upole ule ule ambao wenzake hukwambia nao kwamba jino la nyuma halina matumaini, "fremu hii si saizi yako. Haijawahi kuwa. Ni kubwa. Kiti ulikishusha mpaka mwisho na bado ulikuwa unaufuata usukani kwa mbali, umelala kama nguo kwenye kamba. Huo mgongo ulianza lini?"

Nikamwambia mgongo ni uzee.

"Uzee gani? Mtu anayesimama kutwa nzima ananyoa watu? Mgongo wako mzima. Umeendesha baiskeli ya mtu mwingine."

Ndugu Mwenyekiti, nilitoka nje nikasimama mbele ya duka. Magari ya zimamoto yalikuwa yanaoshwa. Nikawaza asubuhi zote ambazo nyie mlipita hapo kwa pamoja mkigonga kengele, nami nikiwapungia mkono na kitana, nikijiambia, ndiyo dunia, kila mtu na wakati wake. Nilikuwa nimeshalia nikamaliza. Nilikuwa nimeshajifunza kuupenda uzee: mabegi nabebewa, ngazi napanda wa mwisho, nikisema neno la kijinga linaitwa busara. Sasa anakuja mtu na kioo cha meno ananiambia haukuwa uzee, ilikuwa ni vipimo! Hivi aliyekwisha kuzika akifukuliwa msiba, anavaa nini?

Naomba kamati ione hatari iliyo mbele yetu. Ikiwa daktari yuko sahihi, basi ile picha iliyo ofisini kwenu, mimi nikiwa mbele ya msafara, ni picha ya mtu aliye juu ya baiskeli isiyomhusu. Picha hiyo ikishushwa, itabidi mpime na wa pili. Akipimwa wa pili atapimwa wa tatu, na wewe Mwenyekiti, kwa heshima zote, magoti yako yanakaribia kidevu na sote tumenyamaza kwa sababu tunakupenda. Mwisho chama kizima kitakutwa kimekalia baiskeli za watu wengine, wenyewe tukiita ni umri, presha au upepo wa mbele. Chama kitavunjika. Kwa hiyo si kwa ajili yangu naandika, ni kwa ajili ya umoja wetu.

Kwa sababu hizo, naiomba kamati yako tukufu:

Kwanza, ipitishe kwa kura kwamba miguu yangu ni mirefu kuliko inavyoonekana, na mikono vivyo hivyo, na azimio hilo libandikwe kwenye ubao.

Pili, ipige marufuku vifaa vya meno katika uuzaji wa baiskeli. Fremu kuukuu ichaguliwe kama zamani: mnunuzi aitazame kwa mbali, aipende, aende nayo nyumbani, majuto yamfuate baadaye kwa utaratibu wake.

Tatu, nirudishiwe uzee wangu ukiwa katika hali uliyokuwa nayo. Ikishindikana, nipewe barua rasmi ya kunithibitisha mzee, nimwonyeshe mke wangu, ambaye tangu siku ile ananituma sokoni.

Nisalimie katibu, msalimie mweka hazina na goti lake, wasalimie wote wa msafara wa asubuhi, pamoja na yule anayebaki nyuma kila siku akisema anatazama mandhari. Mke wangu anawasalimu, anasema msinisikilize. Fundi bomba naye anawasalimu. Kile kichwa tulikimaliza.

Ni mimi mwanachama wenu mtiifu, niliyedhulumiwa lakini bado nina adabu,

Kinyozi.

N.B. Nilikuwa nimeshaibandika bahasha nikaifungua tena, samahani kwa gundi. Jana daktari alirudi kuichukua fremu. Aliiunganisha hapo hapo dukani, magurudumu na kila kitu, akaipanda. Ndugu Mwenyekiti, ilimkaa! Mgongo umenyooka, viwiko vimelegea, akazunguka kona kama maji yanavyopita kwenye mfereji. Nimeishi na fremu ile miaka yote bila kujua kwamba ni nzuri kiasi hicho. Niliona uchungu, kisha nikajikuta nacheka peke yangu.

Halafu akanipeleka kwa mgonjwa wake mmoja, mpiga chapa mfupi mwenzangu, anayeuza fremu ya titaniamu ndogo kuliko ile. Nilikwenda kutazama tu. Lakini nilipofika niliigonga, nikasikiliza, nikaazima taa ya paji la uso, nikachungulia kila ungio, nikamtaka alichomoe bomba la kiti mbele yangu, nikamuuliza kwa nini anaiuza na kama anasema kweli. Alikasirika sana. Amesema ataandika kwa Mwenyekiti. Barua yake ikifika, naomba muitupe, mtu huyo haelewi kabisa jinsi fremu kuukuu inavyochaguliwa.

Tulielewana bei hatimaye, nikarudi nyumbani nimeipanda. Mgongo uko kimya.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yapuuzeni, ila zile salamu. Barua nimeamua niilete mwenyewe, posta inachelewa. Kama unaisoma sasa, sogea dirishani: yule anayezunguka uwanja wa chama bila sababu yoyote ni mimi.