Uchaguzi wa Kuketi Kakuma

Inatangazwa kwa raia wote wa Kakuma kwamba uchaguzi wa Bunge wa mwaka huu wa 1974 utafanyika kwa kuketi chini, kwa manufaa ya taifa na ya magoti.

Aliyetangaza ni Barasa, karani wa uchaguzi. Wazo alilitoa kwenye gazeti kuukuu: miaka ya hamsini, ufalme mmoja wa Uarabuni ulichagua bunge lake mbele ya macho ya maofisa, hakuna aliyethubutu kumpinga mfalme, naye akaendelea na chai yake. Hapo Barasa akapata dawa ya shida yake. Wakubwa wa Lodwar, makao makuu ya wilaya, walikuwa wamemwahidi kwamba mbunge wao, Mheshimiwa Lochakapong, akishinda kituoni hapa, Januari yeye karani atahamishiwa kwao Bungoma. Na jamani, alivyotamani kuwaona watoto wake!

Basi akapanga. Wanaomtaka Mheshimiwa waketi kulia, kivulini. Wanaomtaka mpinzani wake, mwalimu Ekiru, waketi kushoto, juani. Katikati, mbuzi wa kuchoma. Aliyeketi amepiga kura, na hakuna kuhama.

"Ejok, karani," akamsalimu Nakal, mama wa hoteli ya chai. "Hapa kwa nyama mwanaume hakai ovyo, anakaa na kundi yake ya kuzaliwa. Kama baba ni Mawe, mtoto yake ni Chui. Mawe upande yao, Chui upande yao. Hata umpe ng'ombe, hawezi kukaa na baba yake: wazee watamlaani."

"Mama, waraka wa uchaguzi haumtambui chui."

"Sawa. Na chui hajui kusoma waraka."

Siku ikawadia. Wazee wa Mawe wakajichukulia kivuli. Vijana wao, Chui, wakaenda juani bila kuuliza Ekiru ni nani. Barasa akahesabu: sitini kwa sitini. Akahesabu tena, ikawa vile vile.

Ndipo Mheshimiwa akashuka kwenye Land Rover yake, tabasamu hadi masikioni, kuja kupiga kura. Kivulini wazee wakamkazia macho, na baba yake mzazi alikuwa miongoni mwao. Mheshimiwa akasita, akakunja koti, akaenda kuketi juani.

"Mheshimiwa," Barasa akanong'ona, "hiyo kura ni ya Ekiru."

"Unataka nilaaniwe kwa ajili ya Bunge?"

Barasa, mtu wa utaratibu, akatuma matokeo kwa redio ya polisi. Lodwar ikataka jina la mchochezi aliyemwangusha Mheshimiwa kwa kura moja. Akalitaja lilivyo: Lochakapong. Lodwar ikafikiri nusu saa, kisha ikajibu kwamba sheria haina upendeleo: mtu huyo apelekwe Lokitaung, kaskazini kabisa, akahojiwe, na karani amsindikize, abaki huko huko kazini.

Gari la serikali halikuwa na petroli, hivyo mshukiwa akaombwa ajiendeshe mwenyewe kwa Land Rover yake.