Dawa ya Dokta Waya

Dokta Waya hakuwahi kutibu hata kuku, lakini kompyuta zilipougua mtaani, aliitwa yeye. Na tangu ahamie, zilikuwa zikiugua mno; kinyozi alishalipa spika yake, shangazi muuza vitambaa feni yake. Mungu ana siri zake.

Siku moja aliona printa mpya ya rangi kwa Mama Nakala, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala. Akaitazama kama fisi anavyomtazama mbuzi kilema. Akanunua bahasha, akaondoka, "akasahau" flashi mezani. Imeandikwa kwa wino mwekundu: SIRI ZA MTAA.

Ungeipita wewe? Usijitie utakatifu.

Mama Nakala akafunga mlango, akaichomeka. Ndani kulikuwa na folda moja ya njano. Akaibofya. Kumbe si folda, ni kirusi kilichovaa sura ya folda. Kikajificha ndani kabisa ya kompyuta, kikajipa jina la heshima kisishukiwe, kikajipangia kuamka kila mashine ikiwashwa. Kisha kikafunga kila faili, zikiwamo kadi za harusi ya binti wa mkuu wa polisi, zilizotakiwa kesho asubuhi. Na kilikuwa na tabia moja zaidi: flashi yoyote ikiachwa humo kidogo, kinairukia, kinaficha folda halisi, kinakaa mlangoni kwa sura ileile.

"Shikamoo, Mama. Nimesikia kilio," Dokta Waya akabisha mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Umesikiaje, nami sijalia?"

"Daktari husikia mapema. Dawa ninayo. Malipo ni printa hiyo tu."

"Printa? Si bora unichukue mimi!"

"Mama, wewe hutoi rangi."

Mama Nakala akamfikiria mkuu wa polisi. "Haya, tibu."

Dokta akachomeka flashi ya dawa, akabofya folda, dawa ikafanya kazi, mafaili yakafunguka, ila kirusi chenyewe kikabaki mafichoni. Kisha akatoka nje na printa, akaanza kuifunga kwa kamba kwenye baiskeli, akipiga mluzi. Flashi aliiacha imechomekwa. Mama Nakala naye ana ugonjwa wake: hakipiti kitu mezani kwake bila kutolewa nakala, hata risiti ya nyanya. Akainakili dawa hapo hapo, kisha baada ya kitambo akamrudishia flashi yake kwa adabu zote.

Dokta akafika kwake, akaichomeka kwenye mashine yake, akabofya folda ya dawa.

Waganga bwana! Hutibu dunia nzima wakasahau kunawa mikono.

Kila kitu kikafungwa: mafaili yake, kazi za wateja na dawa yenyewe. Kirusi alikivalisha vizuri mno, hata yeye hakukitambua.

Jioni hiyo akarudi dukani, shati limelowa jasho.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, dokta. Nimesikia kilio."

"Mama, usiniambie kwamba…"

"Nakala ninayo. Lete printa yangu. Na spika ya kinyozi. Na feni ya shangazi muuza vitambaa."

"Feni nayo?"

"Shangazi anaona joto, mwanangu."

Akasukuma baiskeli mtaa mzima, vitu vimerundikana nyuma, kinyozi akimpigia makofi mlangoni. Kitu cha mwisho kiliporudi kwa mwenyewe, Mama Nakala akamkabidhi flashi. Dokta akaitazama. Wino mwekundu: SIRI ZA MTAA.

"Mama… humu kuna dawa, au kuna kile kingine?"

"Kuna folda moja ya njano," akasema Mama Nakala, akiipangusa printa yake vumbi. "Wewe ibofye tu."

Hadi leo hajaibofya.