Kuku Mwekundu wa Mama Faruk

Jumatatu, 1 Machi 2004

Mungu mkubwa! Labo, maabara tunakofanya kazi, ina nafasi moja ya kudumu, na wafagiaji tuko wawili: mi na Chanelle. Atakayeipata anapewa kadi ya matibabu. Houda wangu ana miezi minane na kifua chake kinalia kama mlango wa garaji. Kadi hiyo ni yake, basi.

Madamu Dative, mtafiti wetu, ametupa mtihani: kukusanya utitiri wa kuku. Chanelle aende mtaa wa Gihosha, mi hapa kwetu Buyenzi, kisha Kanyosha. Tubu kumi, vile vichupa vya labo, kila mtaa, na kila tubu na kuku wake tofauti. Eti ndani ya kila mdudu kuna ADN, maandishi marefu ya herufi nne tu. Ukiyalinganisha unajua nani ndugu wa nani, na walitengana zamani au juzi. Anataka kujua kama utitiri nao ulikimbia vita pamoja na watu na kuku wao. Nikasema nimeelewa. Nimeelewa nusu.

Jumatano, 3 Machi

Buyenzi kwisha! Jirani yangu Mama Faruk ana kuku mwekundu, amejaa utitiri mpaka machoni. Tubu kumi zote kwake. Kwa nini kusumbua kuku wengine?

Kanyosha... Nilifika kwenye basi, Houda mgongoni. Watu wakasema huko risasi zinalia tangu alfajiri. Nikarudi. Kuku mwekundu alikuwa bado amelala kwenye majivu. Tubu kumi nyingine. Mama Faruk akauliza kama nikimaliza kumtoa chawa nitamsuka na nywele. Nikacheka. Nikaandika KANYOSHA kwenye etiketi, mwandiko mzuri sana. Mdudu ni mdudu.

Ijumaa, 5 Machi

Chanelle kaleta tubu saba! Mikono imejaa mikwaruzo. Kwenye karatasi kaandika: tatu sikupata, wenye kuku walikataa. Mjinga wa watu! Zangu ishirini zimepangwa kama askari. Zote zimetumwa Ulaya. Houda, mwanangu, kadi inakuja.

Jumanne, 20 Aprili

Majibu! Madamu kanikumbatia mbele ya Chanelle. Tubu zangu ishirini zina herufi zilezile, hakuna hata moja iliyopotoka. Utitiri wa Gihosha ni binamu wa mbali, lakini wa Buyenzi na Kanyosha ni wa mama mmoja. Akafuta macho. Akasema kwao ni Kanyosha. Walipokimbia, mama yake alibeba kuku mmoja tu ndani ya kitunga. Kumbe mizigo ya watu imeandikwa hata kwenye wadudu, akasema. Ameshawaandikia wakubwa wake Ulaya.

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka. Kisha akasema Alhamisi nimpeleke kwenye nyumba nilikotoa utitiri wa Kanyosha, maana sasa kumetulia. Mdomo ukajifunga.

Jumatano, 21 Aprili

Nimepata njia! Shangazi Sijaona anakaa Kanyosha na anafuga kuku. Nimeazima kuku mwekundu kwa Mama Faruk, nikamwambia shangazi anatafuta kuku wa kulalia mayai. Nikapanda naye basi, akanitia kinyesi kwenye kitenge. Nimemwachilia katikati ya kuku wa shangazi. Nikamwomba shangazi aseme ni wake tangu zamani. Akaniangalia tu. Nikaona amekubali.

Alhamisi, 22 Aprili

Hakukubali.

Madamu alipouliza tu, shangazi akasema yeye anaswali, hawezi kuanza uongo uzeeni kwa sababu ya kuku. Akaendelea: huyu mwekundu kaletwa jana na binti wa kaka yangu, kwa basi.

Madamu akafunga kisanduku chake cha tubu. Hakunitukana. Ingekuwa nafuu anitukane. Ndani ya gari nikakiri yote, risasi na kuku mmoja, akasema kwa sauti ndogo: ungeandika tu, Mama Houda, kwamba uliogopa. Mi pia ningeogopa. Chanelle aliandika tatu sikupata, nikapokea saba. Sasa lazima awaandikie wakubwa kwamba alikosea. Nililia juu ya kichwa cha Houda mpaka nywele zake zikalowa.

Jumamosi, 24 Aprili

Kazi kapewa Chanelle. Kadi pia. Leo kaja mpaka mlangoni na chupa ya dawa ya kikohozi. Kanipa kwa mikono miwili. Ndiyo maana imeniuma zaidi. Houda kanywa, kalala, kifua kimetulia kidogo.

Nilikwenda Kanyosha kumchukua kuku. Ole wangu! Kuku wote wa shangazi wanajikuna. Utitiri wa kuku mwekundu umewapanda siku tatu hizi. Hata Madamu akirudi pale kuchukua tubu za kweli, atakuta uongo wangu unatembea kwa miguu minane. Shangazi kaniambia: we mutoto, nenda ukamwombe Madamu msamaha.

Nitakwenda, wallahi. Lakini mtu haendi kuomba msamaha mikono mitupu. Nimekaa, nimefikiri. Madamu alilia kwa furaha aliposikia Buyenzi na Kanyosha ni ndugu. Na sasa ni ndugu kweli! Imebaki Gihosha peke yake.

Kuku mwekundu yuko hapa kwenye kitunga, miguuni pangu, ametulia kabisa. Jumatatu basi la kwanza la Gihosha linaondoka saa moja.