Amri ya Neno Moja

Jumatatu, 3 Machi
Daktari wa meno anatafuta mkuu wa mapokezi. Tuko wawili: mimi na Bi Simu, anayewapigia wagonjwa wa kesho mmoja mmoja na kuwajulia hali watoto wao. Kupoteza muda. Mimi nimeandika programu ya Python inayowatumia ujumbe: "Usikose kesho asubuhi." Nimeisakinisha kwenye kompyuta ya daktari. Tatizo, kuiita ni kuandika maneno mengi. Daktari amesema anataka neno moja, la sivyo Bi Simu aendelee.

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye programu ndiyo kazi yake. Nilijifanya namuulizia rafiki. Akaniambia nimsalimie huyo rafiki. Kumbe ni mstari mmoja kwenye pyproject.toml, faili la mipangilio ya programu: neno unalotaka, kisha sehemu ya programu ya kuitwa. Halafu unasakinisha upya. Akaongeza kwamba kwanza nikague faili la kuanzia lina nini. Mashemeji hupenda kurefusha mambo.

Jumatano, 5 Machi
Neno nililochagua: kumbusha. Daktari ameliandika, kompyuta ikasema haiijui amri hiyo. Nimelaumu umeme. Bi Simu akasema mbona taa zinawaka. Nilisahau kusakinisha upya! Jioni tumejaribu tena, ikakubali. Nimekalia kiti cha mkuu kidogo. Kinazunguka vizuri.

Alhamisi, 6 Machi
Wamekuja wote. Si wa leo tu, wote waliowahi kutibiwa hapa. Foleni imefika kwa fundi viatu. Yupo hata mzee tuliyemng'oa jino la mwisho. Chujio la "wa kesho tu" nililiandika kwenye faili la kuanzia. Amri ndefu hupitia hapo. Neno langu linaliruka hadi sehemu ya kutuma. Nimejificha chumba cha eksirei. Bi Simu ametoka, kawaita kwa majina, kawaulizia watoto, wakaondoka wanacheka. Imeniuma sana. Kiti amepewa yeye.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari ataniacha kazini nikiwaomba wagonjwa wote radhi. Bi Simu amejitolea tugawane, tuwapigie. Nimemwambia apumzike. Nimeongeza mstari wa pili: samahani. Nimeuelekeza kwenye sehemu ile ile ya kutuma, bila kugusa hata neno la ujumbe, maana imethibitika inawafikia wote. Na safari hii nimesakinisha upya, mimi si mtu wa kurudia kosa. Nimebonyeza. Simu ya mapokezi inalia mfululizo. Watu wana shukrani.